Gari Gumu la Kikundi

Sijui nani aliwafundisha watu wa huku kwetu Mamba kwamba gari zuri ni gari gumu. Neno lenyewe ndilo lililotuponza. Mti ukiwa mgumu tunaujengea, mpini ukiwa mgumu tunausifu, basi tukadhani na gari nalo likiwa gumu ndiyo limekuwa imara. Kwa ujinga huo Fortunata alivunjika bega, kisha akavunjiwa na heshima.

Fortunata, au Mama Agape kama tunavyomwita, ni jirani yangu, na si mtu wa kunyamaza. Alipofiwa na mume aliteremka Hedaru akaomba kazi ya utingo kwenye lori la Mzee Kassimu, mfanyabiashara wa vitunguu. Wanaume wakamcheka, akawajibu maneno ambayo mzee mwenyewe alijifanya hakuyasikia. Huko ndiko alikojifunza usukani. Kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi kiliponunua pikapu, hatukuhangaika kutafuta dereva. Aliteremsha magunia hadi Same, akapandisha mbolea, na mjamzito akizidiwa, ni yeye aliyeamshwa ampeleke hospitali.

Chanzo cha yote ni mkia. Pikapu likijaa tangawizi lilichuchumaa nyuma, na mwenyekiti wetu, Melkizedeki, akaona aibu. Bila kumuuliza dereva, alilipeleka gereji wakaongeza majani ya springi, yale mabapa ya chuma, yaliyong'olewa kwenye lori bovu. Kana kwamba hiyo haikutosha, wakalifunga ringi nzito na matairi manene yasiyo saizi yake. Likarudi limetunisha kifua, na watu wakapiga vigelegele.

Fortunata alilizungusha mara moja tu, akarudi amefura.

"Shikamoo mwenyekiti. Gari mmeliharibu."

"Marahaba. Limeharibika wapi, Mama Agape? Sasa si ndiyo limekuwa gumu!"

"Huo ugumu ndiyo ubovu wenyewe. Likiwa na mzigo, sawa, springi zinabonyea. Likiwa tupu hazibonyei hata kidogo, tairi likikanyaga jiwe gari zima linarushwa. Na ringi zilivyo nzito hivyo, zikisharuka shokapu haziwezi kuzituliza. Tairi likiwa hewani halisikii usukani wala breki. Kona nitaikata na nini?"

"Wewe unataka gari au unataka kochi?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Kochi! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Mwanamke akisema gari linaruka, anatafuta starehe. Angesema mwanamume, wangeita fundi.

Ikawa kama alivyosema. Alikuwa anarudi kutoka Same, gari tupu, akafika kwenye kona iliyo chini ya kanisa, pale barabara ilipojikunja vijituta kama bati. Nyuma kukaanza kudunda. Matairi yakaachia ardhi, mkia ukateleza kuelekea bondeni. Akaona heri alibamize kwenye ukingo wa mlima kuliko kuliacha liende korongoni. Likalala ubavu mtaroni, na sisi tuliokuwa shambani tukakimbia kumtoa. Maumivu yote yale, cha kwanza alichosema ni, "Sikuwa nakimbiza."

Kikao kilikaa yeye angali amefungwa bega. Hakuitwa. Wakasema ni mwendo kasi. Loth, dereva wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake siku ile, akasimama akaeleza kwamba gari lilikuwa linakwenda polepole mpaka yeye akawa anapiga honi apishwe. Akaambiwa akae chini, yeye si mwanachama. Gari lilipotengenezwa, ufunguo akapewa Rodgers, mpwa wa mwenyekiti, na kazi ya Mama Agape ikaishia hapo. Sasa anapalilia mashamba ya watu, na bega lile halinyanyuki vizuri. Wapo wanaomwita "Mama Spidi" anapopita. Watu wazima, wenye wajukuu!

Wiki iliyopita nilikuwa Same, nikaomba lifti kwenye pikapu. Mbolea ilikuwa haijafika, gari linarudi tupu. Nikashangaa kumwona Rodgers anapakia viroba vya mchanga nyuma, anavipanga juu ya ekseli na kuvifunga kamba.

"Nani anajenga?" nikamuuliza.

"Hakuna anayejenga, mama. Ni agizo la mwenyekiti, likiwa tupu lisipande bila mchanga. Springi zimekaza mno na haya magurudumu ni mazito, linadunda mpaka kona halishiki. Linaweza kuua mtu hili."

Aliyasema yote hayo bila hata kukunja uso, huku akikaza fundo.

"Na Mama Agape ameshaambiwa?"

Rodgers akageuka akanitazama, kweli kabisa hajaelewa.

"Aambiwe nini?"