Ile Moja Niliyoifuta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipojiona fundi kuliko walionitangulia. Tulikuwa wachache katika ofisi moja hapa Kilosa, tukiandika programu za mizani ya maghala ya ufuta. Nikapewa kupanga upya msimbo wa dibaga, yaani programu yetu ya kutafutia makosa, pale inaposoma fremu. Fremu ni alama ambayo funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake maalumu, huacha inapoita nyingine, ili kazi ikiisha ijulikane irudi wapi.

Msimbo ule aliuandika Mama Neema, mama mtu mzima wa Mamboya, mpole lakini hana mchezo. Kila anwani ya kurudi, yaani namba ya mahali pa kurudia iliyo ndani ya fremu, aliipunguza moja kabla ya kutafuta ni ya funksheni ipi. Nikacheka peke yangu. Moja ya nini? Nikaifuta, wala sikumuuliza, naye alikaa meza ya pili tu. Ujana una kiburi cha kijinga, usinione hivi.

Wiki hiyohiyo mizani ya Msowero ikazimika, wakulima wako foleni na magunia yao. Dibaga ikataja funksheni ya Mwanaidi, binti wa Rudewa aliyeanza kazi siku moja nami. Alikana huku analia. Mkuu wetu akamwambia akusanye vitu vyake aende. Nami nilikuwa miongoni mwa waliomsikitikia kwa kutikisa kichwa.

Mama Neema ndiye aliyefungua msimbo wangu.

"Anwani ya kurudi huwa ni ya mstari unaofuata," alisema. "Funksheni ikiishia kwenye kuita nyingine, mbele yake ni kwa jirani. Usipopunguza moja, unamkamata jirani."

Funksheni iliyoitangulia ile ya Mwanaidi ilikuwa yangu. Aliyestahili kutajwa ni mimi.

"Shikamoo yako naipokea kila asubuhi," akaniambia. "Swali moja tu ndilo lililokushinda?"

Nilisimama mbele ya wote nikakiri. Mwanaidi alirudishwa, akasema amenisamehe, lakini hakuniomba tena nimsomee kazi yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Basi mwanangu, ukikuta mstari usiouelewa na aliyeuandika yupo, muulize kabla hujaufuta. Na chombo kikimtaja mtu, kague kwanza chombo, hasa kama wewe ndiye uliyekigusa mwisho. Mungu akupe akili nyepesi na ulimi usioona haya kuuliza, na mwenzako asilie kwa sababu yako.