Rex Pascoe Apanga Safari ya Vienna

Shemeji yangu Rex Pascoe ni mtu wa kupanga. Mbwa wake wote walishachaguliwa pa kulala kabla hawajazaliwa. Nasema hivi kwa upendo, ingawa kwa muda mrefu sikumpenda. Ni mume wa dada yangu Elva, na mimi na yeye tumetaniana tangu siku ya harusi yao, hadi utani ukawa ndiyo mazungumzo yetu yote.

Analima shayiri nje kidogo ya Maitland, kwenye rasi ya Yorke, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Adelaide, kama baba yake na babu yake. Watu wa huku wanamjua kwa jambo moja: hapotei. Mshushe katikati ya shamba asilolijua, atatazama kivuli chake kidogo tu, kisha atakuonyesha barabara iliko. Mtu akitaka kujenga humwita Rex kabla ya kumwita fundi. Nyumba yangu mimi aliigeuza ikiwa bado kwenye karatasi, akisema jikoni pasipotazama kaskazini nitakunywa chai na koti mwezi wa Julai mzima. Alisema kweli, kwa bahati mbaya. Huku kwetu hakuna anayenunua nyumba bila kuuliza kwanza jua la kaskazini linaingia chumba gani.

Elva yeye alikuwa na hamu moja tu, na hamu hiyo alipandikizwa na Bi Lindner, aliyetufundisha piano tukiwa wasichana. Bi Lindner alizaliwa Vienna, akaja huku baada ya vita, akaolewa na mwenye duka. Katikati ya somo, nje joto linachoma na nzi wamejaa dirishani, alikuwa akituambia habari za majira ya baridi ya kwao. Theluji ikianguka, alisema, mji wote hunyamaza, hata farasi wa mikokoteni hupita kama wamevaa soksi. Mimi niliacha piano mapema, vidole vyangu havikuwa na adabu. Elva aliendelea, akawa mpiga kinanda wa kanisa letu, na ile theluji haikumtoka kichwani. Hakutaka kuiona Vienna ya maua na mikahawa ya nje. Aliitaka Vienna ya baridi, iliyonyamaza.

Na ingekuwa rahisi kabisa, maana mkulima wa shayiri ana nafasi moja tu ya kusafiri. Ni Januari, mavuno yakishaingia ghalani na kabla ya kufikiria kupanda tena, na Januari ndiyo baridi ya huko inapokolea. Lakini kila mwaka Rex alisema mwaka ujao. Mara mvua ilinyeshea shayiri iliyokwisha kukauka. Mara kombaini, mashine ya kuvunia, ilikufa mavuno yakiwa nusu. Kuna mwaka hakukuwa na sababu yoyote, akasema tu kwamba mpango haujakamilika. Mwaka huo Elva aliosha vyombo bila kuimba, na mimi nikaenda nyumbani bila kuaga, kwa hasira.

Mwaka jana macho ya Elva yakaanza kuharibika. Daktari wa Adelaide hakuzunguka: pembeni ataendelea kuona, lakini katikati panaziba, na huenda mavuno mengine yakifika hataweza kuitambua sura ya mtu. Kwa sasa, penye mwanga wa jua bado anaona vizuri kiasi. Penye kivuli haoni kitu. Elva alitueleza haya mezani, kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza nyimbo za Jumapili.

"Hata sasa nikimtazama Rex naona masikio mawili tu," akamalizia. "Si hasara kubwa."

Mimi nilicheka, kwa kuwa vinginevyo ningelia. Rex hakucheka. Aliinuka, akaenda kwenye banda la mashine, tukasikia ufagio ukifanya kazi huko mpaka chakula kikapoa. Wiki iliyofuata alikata tiketi, tiketi za kweli zenye majina yao wawili.

Kisha akaichora Vienna. Sina njia nyingine ya kulisema. Aliitoa kombaini nje, akafagia sakafu yote ya saruji, akapiga magoti na chaki na kamba na ramani, akauchora mji ule mtaa kwa mtaa kama anavyochora mazizi ya kondoo kabla ya kuchimbia nguzo. Kanisa kubwa lilikuwa karibu na mlango, hoteli palipokuwa na doa la mafuta, na mfereji wa mto ukapita chini ya dirisha. Kila kitu alikipanga kwa jua. Alijua saa kumi jioni kutakuwa giza, kwa hiyo mchana aliutumia kwa ubahili. Kila barabara aliichagulia upande ambao jua lingemwangazia Elva njia. Alichagua mabenchi. Alichagua meza ya mkahawa, ile ya pembeni, ili sura za watu wanaoingia zipate mwanga na Elva aweze kuziona. Na chumba cha hoteli alikiomba cha upande wa kaskazini, juu, penye dirisha kubwa, ili asubuhi na mchana akae hapo aone theluji ikianguka juu ya mapaa.

Kila jioni alimtembeza humo. Buti mpya za baridi zilitaka kuzoezwa miguuni, basi Elva alizivaa na gauni la pamba, joto la Desemba likiwa la kuyeyusha lami, wakapita bandani wameshikana mikono. Rex alikuwa akimwambia hapa tunageuka kushoto, hapa kuna ngazi, hapa inua uso utazame paa la kanisa, lina vigae vya rangi. Majirani walipita makusudi kuangalia. Mmoja aliuliza kama Vienna wanauza dizeli. Mimi nilikuja na pasti zangu za kuoka zenye nyama na viazi ndani, nikakaa juu ya pipa, nikatazama. Nitasema wazi kwamba iliniingia moyoni. Nilimwona mzee huyu mwenye magoti mabovu akifuta mstari wa chaki na kuuchora tena ili mke wake asipite kivulini, nikaona haya kwa yote niliyowahi kumsema. Si yote. Mengi.

Zilipobaki siku chache wasafiri, Rex alipiga simu hotelini kuhakikisha chumba. Huku ilikuwa jioni, tumekaa jikoni sote watatu. Masikio yake yamezeeka, kwa hiyo simu zake huziweka mezani zikipaza sauti na nyumba nzima inasikia. Akapokea binti wa mapokezi, mwenye Kiingereza safi cha kuokotwa neno kwa neno. Akasema chumba cha kaskazini kipo. Lakini kwa kuwa bwana ameeleza habari za macho ya mama, yeye angewashauri wachukue cha upande mwingine.

"Hapana, binti," Rex akasema. "Mke wangu anahitaji jua."

"Ndiyo maana nashauri, bwana. Huo upande wa kaskazini haupati jua majira yote ya baridi."

"Wewe ni mgeni hapo?"

"Nimezaliwa hapa."

"Basi kesho saa sita mchana toka nje utazame. Jua utaliona kaskazini. Utakuja kunishukuru."

Nadhani binti alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima mtu mzima.

"Hapa kwetu, bwana, saa sita mchana jua huwa kusini. Sijawahi kuliona kwingine."

Utasema jambo hilo kila mtoto wa shule analijua, kwamba sisi tuko chini ya dunia na wao wako juu, na jua liko katikati. Tulilijua. Elva alilijua, na mimi niliyewaendesha watoto wa shule kwa basi miaka mingi nililijua, na bado nilikaa juu ya pipa jioni zote zile, mdomo umejaa pasti, nikiutazama mji mzima uliopangwa kinyume na nisione kitu. Tungeonaje? Kaskazini ndiko jua liliko. Mtu hakai akafikiri upya jambo kama hilo.

Elva ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikamfuata. Rex aliikata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata muuza bima, akatoka.

Tulipomfuata bandani alikuwa na ndoo na gunia lililolowa, anafuta. Kanisa lilikuwa limeshafutika. Bila kugeuka akasema safari imeahirishwa, kila kitu kimekosewa, atapanga upya, wataenda mwaka ujao.

Mimi nilipandwa na hasira nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kwa ufupi nilimwambia kwamba hajawahi kutaka kwenda hata siku moja, kwamba mpango ndio maficho yake, na kwamba dada yangu hana mwaka ujao. Elva akanishika mkono.

"Merle, mdogo wangu, nyamaza."

Kisha akatembea hadi katikati ya sakafu iliyolowa, akipapasa kwa mguu, maana jua lilikuwa limeshaliacha banda.

"Mwaka ujao nitaona nini, Rex?"

Rex aliendelea kufuta.

"Nimekuuliza."

"Nitakupitisha wapi, Elva? Kila kona nimeikosea. Ningekutembeza kivulini siku zote, mchana kutwa, huku nakwambia tazama hiki, tazama kile."

"Chumba tubadilishe. Yule binti ameshasema."

"Si chumba." Akaliacha gunia lianguke. "Hapa ukiniuliza njia, nakujibu. Tangu tuoane umenishika mkono ukijua kwamba najua ninakokwenda. Kule hata jua lenyewe silijui. Nitapotea kama mtoto sokoni, na wewe utaniona."

"Nitakuonaje, na mimi naona masikio tu?"

Nilidhani atacheka. Alijifuta uso kwa mkono wenye chaki.

"Naogopa," akasema.

"Mimi naogopa kila siku." Elva hakupandisha sauti. "Kila asubuhi kabla sijafungua macho naogopa. Umenichorea mji mzima, mume wangu, na nakushukuru, lakini kama naogopa hujawahi kuniuliza. Njia nitaulizia watu. Sikutaka mtu wa kunionyesha njia. Nilitaka mtu wa kuogopa naye."

Nilitoka nje hapo, nikaenda kukaa kwenye gari langu. Kuna mambo ya dada yako ambayo si yako. Kupitia mlango wazi niliwaona wamesimama palepale kwenye maji ya chaki, Rex kamwinamia, na paji la uso wake liko begani mwa Elva. Nikawasha gari nikaondoka taratibu.

Kwa siku mbili hawakunipigia simu, nami sikuthubutu kupiga. Siku ya tatu Rex akapiga simu, akaniuliza kwa ukali kama gari langu lina mafuta ya kufika Adelaide au anunue yeye. Nilimjibu kwamba lina mafuta, lakini halina nafasi ya mtu mwenye kisirani. Akasema basi nibaki mimi nyumbani. Ndivyo nilivyojua kwamba wanakwenda.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa watu wa likizo, watoto na mipira na ndala. Rex alikuwa amevaa koti lake la baridi kwa kuwa begi liligoma kufungwa, jasho linamtoka. Niliwasindikiza mpaka ndani. Elva akatazama kulia na kushoto, kwa pembe za macho kama anavyotazama siku hizi, akauliza twende upande gani. Mimi nilikuwa nimeshaona kibao. Sijui ni nini kilichonifunga mdomo, mimi ambaye sijawahi kufungwa mdomo na mtu yeyote.

Rex alitazama huku na huku. Aliangalia mlango mmoja, akauangalia wa pili.

"Sijui," akasema.

Nimemfahamu mtu huyu tangu ujana wetu, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Lilimtoka kwa shida, na lilipokwisha kutoka alimtazama dada yangu kama anayesubiri kuambiwa kitu kibaya. Elva alipitisha mkono wake chini ya ule wa Rex.

"Basi sote hatujui," akasema. "Twende tukaulize."

Wakaenda. Walimuuliza mfanyakazi mmoja, akawaelekeza, na bado wakaingia mlango usiokuwa wao. Niliwaona wakitoka tena, Rex mwekundu usoni, Elva akicheka na kumvuta mkono, wakaanza upya.