Sanatu na Kompyuta Inayozimika Kila Dakika Ishirini

Saa nne asubuhi joto la mji wa Tamale limeshafika nyuzi 38, lakini Sanatu Napari ameizima makusudi feni ya kibanda chake cha kutengeneza kompyuta. Anataka kuisikia ile ya kompyuta iliyo mezani.

“Inazunguka vizuri,” anasema, sikio likiwa karibu na boksi. “Tatizo liko kwingine.”

Kompyuta hiyo ya miaka kumi na miwili ni ya Wumpini Issahaku, mhariri wa video za harusi. Aliongeza mwendo wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mwenyewe, kwa maelekezo ya mtandaoni, ili kazi ziishe upesi. Sasa kila ikifika dakika ishirini inazimika, na bibi harusi anayesubiri video yake anasafiri kesho.

“Dada, we puliza vumbi tu, niwahi,” Wumpini anahimiza.

“Vumbi nimeshapuliza. Kwani ulikuwa unafuga kuku humu?”

Sanatu, 43, amefanya ufundi huu sokoni kwa miaka kumi na tisa. Kwanza anairudisha prosesa kwenye mwendo wake wa kiwandani, kisha anaipa kazi nzito. Kioo kinaonyesha nyuzi 91.

“Umeona? Hata bila papara zako inachemka.”

Anang’oa bamba la kupozea. Ule uji mzito wa kupitisha joto uliopakwa chini yake umekauka kama chaki. Tena mguu mmoja wa plastiki haukubana, kwa hiyo bamba lilikaa upande. Anafuta, anapaka mpya kiasi cha punje ya dengu, anabana miguu yote minne. Nyuzi 68.

Wumpini anapiga makofi na kurudisha mwendo ule wa juu. Dakika tisa baadaye, nyuzi 96.

Sanatu anakagua mipangilio. Mashine imejipangia yenyewe umeme mwingi mno wa prosesa. Anaupunguza kidogo kidogo, kisha anashusha na mwendo.

“Unaniibia mwendo wangu!”

“Nimekuachia nusu ya ulioongeza. Ukiutaka wote, katafute fundi mwingine.”

Ana sababu ya kukaza hivyo. Mwaka wa 2011 mpiga picha mmoja alimwomba aongeze mwendo vilevile. Sanatu aliona joto likipanda, akanyamaza, maana mafundi wanaume wa jirani walikuwa wakimcheka na hakutaka aonekane hajui. Kompyuta iliungua, na diski yake ikafa na picha za mazishi ya mama wa mteja.

“Aliniuliza, ‘Ulijua?’ Nikamwambia, ‘Nilijua.’ Akaibeba kompyuta yake, akaondoka. Afadhali angenitukana.”

Hadi saa nane mchana mashine imefanya kazi nzito kwa saa mbili mfululizo, na haijapita nyuzi 79. Wumpini anaibeba kwa pikipiki ya matairi matatu. Jioni anapiga simu: bibi harusi ameshapata video yake.

“Nusu inatosha, dada,” anakiri.

Novemba Sanatu atafanya mtihani wa cheti cha ufundi kwa mara ya kwanza. Shule mbili zimewahi kumnyima kazi ya kutunza kompyuta zao kwa kukosa cheti hicho, na anataka kurudi kuiomba tena. Tayari amejiandikisha.

“Wa vitendo siuogopi hata kidogo,” anasema, akifuta bisibisi kwa pindo la kanga. “Ninaouogopa ni ule wa kuandika. Mara ya mwisho kukaa darasani nilikuwa na miaka kumi na minne.”