Dramu ya Inchi Kumi na Nane

Niseme mapema kwamba kamati ya kijiji niliiambia ukweli nusu, na mpaka leo sijutii. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mikumi, kilikuwa na bendi ya dansi yenye magitaa mawili, tarumbeta moja na waimbaji wengi kuliko walivyohitajika. Dramu hatukuwa nayo. Dramu za dukani zilitoka nje ya nchi, na siku zile hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepiga ngoma ya kwaya tangu nyumbani kwetu Berega, kabla hatujahamia kijijini, na nilikitaka kiti cha mpiga dramu kuliko nilivyotaka kuolewa. Mama alinikataza kulisema hilo mbele za watu.

Kiongozi wa bendi, aliyepiga gitaa la solo, alikwisha kumpanga mtu wake: dereva wa trekta la kijiji, kijana mrefu mwenye mikono mizuri. Mimi nilikuwa mfupi. Bado ni mfupi. Nilipomwambia kiongozi kwamba na mimi najua kupiga, alicheka bila ubaya wowote, na hicho ndicho kilichoniudhi.

"Dada, wewe utaimba," alisema.

Fundi tulimpata mtaa wa Mabwerebwere, pale Kilosa mjini. Baba yake alikuja na kazi ya reli akabaki hapohapo, naye mwenyewe alikuwa ametengeneza mabehewa miaka mingi. Alijua kuunganisha vipande vya mbao vikawa duara, na maduara hayo, mizinga ya dramu, ndiyo tuliyoyahitaji. Kuwamba ngozi tungewamba wenyewe. Kijiji kilikuwa na mbao za mninga, lakini fundi alizipima akasema zinatosha seti moja tu. Akataka tumpelekee vipimo kwa barua yenye mhuri. Akishakata amekata.

Basi vipimo vikapelekwa kwenye kikao, kama kila kitu kilivyopelekwa kwenye kikao wakati ule. Mwenyekiti aliangalia nje, akaona pipa la mafuta limesimama mbele ya duka la ushirika.

"Ndugu wajumbe, kijiji kikubwa kama hiki hakiwezi kuwa na dramu ya kitoto. Napendekeza ile kubwa iwe na upana wa lile pipa."

Mikono ikainuka yote. Hakuna aliyeuliza dramu hiyo italiaje, wala nani atakaa nyuma yake. Waliamua kama vile wanaamua ukubwa wa ghala. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu. Tomtom, zile dramu ndogo mbili, hukaa juu ya ile kubwa. Ikiwa na upana wa pipa, mimi ningezipiga nimenyoosha mikono juu kama mtu anayeanua nguo.

Jumapili hiyo niliazima sufuria kubwa tuliyopikia ugali siku za shamba la pamoja. Niliiwamba ngozi ya mbuzi mdomoni, nikaisimamisha kwa ubavu, nikakaa nyuma yake kwenye kigoda. Nyayo zilifika chini. Mikono ilipita juu yake bila taabu. Nilipima upana wake: inchi kumi na nane. Kisha nikaipiga, nikasahau kabisa habari ya miguu, kwa sababu ililia vizuri. Ilikuwa na mlio mfupi, mzito, usioburuza. Mama mkuu wa jiko alinikuta hapo akanisema mpaka nikatamani ardhi inimeze, lakini aliniachia sufuria hadi kikao cha pili.

Kwenye kikao hicho nilingoja mpaka "mengineyo". Nilikuwa nimebeba sufuria yangu, na pipa kuukuu lililokatwa nusu, nalo nimeliwamba ngozi ya ndama. Watu walicheka.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "mbao ni za seti moja. Naomba wajumbe wageuke, waangalie ukuta, wasikilize tu. Na mpigaji asiwe mimi. Awe dereva."

Mwenyekiti alipenda mchezo ule, akawa wa kwanza kugeuka. Kiongozi alichukua gitaa, dereva akapiga pipa. Sauti ilikuwa kubwa kweli, lakini ilibaki inavuma wakati gitaa limeshasonga mbele, na mwisho hukujua pigo lipi ni la sasa na lipi ni la zamani. Kisha akapiga sufuria. Hata mwenyewe alianza kutikisa mabega. Mwenyekiti alipouliza wangapi wanataka ya pili, mikono ilinitosha, ingawa wazee wawili waliinua kwa kinyongo. Nilieleza kwa kirefu juu ya sauti. Juu ya urefu wangu sikufungua mdomo.

"Vipimo sawa," alisema kiongozi tulipotoka. "Ila mpigaji namchagua mimi."

Nilimjibu kwamba sina neno, nikaomba kazi ya kupeleka vipimo Kilosa. Alinipa kwa furaha, kwani hakuna mwingine aliyeitaka safari hiyo.

Nilipanda garimoshi nikiwa na barua yenye mhuri, na kamba niliyoipiga mafundo, kila fundo ukubwa wa dramu moja. Ile kubwa ilikuwa inchi kumi na nane kama kamati ilivyokubali. Zile ndogo kamati iliniachia mimi, nami niliandika tomtom za inchi kumi na mbili na kumi na tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Fundi aliitandaza kamba juu ya meza, akapitisha kidole fundo kwa fundo, akasoma barua, kisha akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Vipimo hivi kavichagua nani?"

"Kamati."

"Kamati haina magoti," alisema. "Kaa pale."

Nilikaa kwenye kisanduku chake cha misumari. Alisimamisha vipande vya ubao mbele yangu, akanipa vijiti viwili vya kupigia. Nilijua kwamba kama angeandika barua kijijini, yote yangekwisha.

"Hii kubwa ni yako kabisa," alisema. "Lakini hizi ndogo umeziongeza. Kwa nini?"

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikizipunguza zaidi watu watagundua, kwa hiyo nikajipunja inchi mbili ili nionekane sina nia.

"Utazipiga miaka mingapi huku bega linauma?" aliuliza. "Kumi na kumi na moja zitalia vizuri tu, kali kidogo. Kumi na mbili na kumi na tatu zitamfaa mtu mwingine. Wewe ndiye uliyekuja. Sema, nikate ipi?"

Alikuwa ameshika msumeno, na ule mninga mwekundu ulikuwa umelazwa tayari. Nikajiambia, kama ni kugombana, nigombane kwa kitu kizima.

"Kumi na kumi na moja. Kata."

Akakata, nami sikutoka hapo mpaka ubao wa mwisho ulipoanguka chini.

Dramu zilipofika na kwisha kuwambwa ngozi, bendi nzima ilikusanyika ofisi ya chama. Kiongozi alimwita dereva. Dereva alikaa, magoti yakagonga ukingo. Akasogea nyuma, vijiti visifike. Kiongozi akaweka matofali chini ya kiti, dereva akapanda, akawa anapiga amejikunja kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Alimaliza wimbo mmoja jasho likimtoka. Kisha akainuka mwenyewe, akaniletea vijiti.

"Dada, nguo hii imeshonwa kwa vipimo vya mtu," alisema.

Kiongozi alizitazama tomtom, akanitazama mimi, akazitazama tena. Niliona wakati alipoelewa.

"Wewe!" alisema.

Niliondoa matofali yake, moja baada ya jingine, nikakaa. Nyayo zangu zote mbili zilikanyaga sakafu.

"Ndiyo, kaka," nikamjibu. "Tuanze na wimbo upi?"