Kamio Lililoinama

Katika miaka ile ya vita nilikuwa dereva wa kamio, nikichukua mizigo mtaani kwetu Buyenzi na kuipeleka tambarare, kaskazini ya Bujumbura. Njiani kulikuwa na daraja la chuma. La zamani lilikuwa limebomolewa, na hili wanajeshi waliliunganisha haraka, likiwa na vyuma vinavyokatiza juu ya barabara kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Gari la saruji lilipita bila shida. Mimi nilibeba magodoro ya sponji, ndoo na mabeseni, shehena ambayo haina uzito lakini inapanda juu kama ghorofa. Ukigusa chuma cha juu, umekwama. Na tulitembea kwa msafara, tukisindikizwa na askari mara moja tu kwa siku, asubuhi. Msafara haukumsubiri aliyekwama. Alibaki hapo na matete ya pande zote mbili, asijue yanaficha nani.

Kwa hiyo nilikuwa na mwanzi. Siku moja askari wa darajani aliniruhusu niusimamishe chini ya chuma cha chini kabisa, nikautia alama kwa kisu. Nikapunguza upana wa ngumi moja kwa ajili ya mashimo ya barabara. Kila asubuhi kabla ya kuondoka niliusimamisha kando ya mzigo. Kama mzigo ulizidi kidogo, nilitoa upepo kwenye matairi, nikavuka polepole, nikajaza tena ng'ambo. Baada ya mwaka nilijua safu saba za magodoro zinafika wapi kwenye mwanzi ule bila hata kuuangalia.

Asubuhi ninayoikumbuka, safu zilikuwa saba, lakini zilifika kiganja kizima chini ya mahali pake.

Nilipima mara ya pili. Nilihesabu safu upya. Nilipiga matairi teke, yalikuwa magumu. Kisha nikarudi nyuma hatua kumi na kuona kwamba kamio limeinama upande wa nyuma, kama lililobeba misumari. Magodoro hayainamishi gari. Basi chini ya magodoro kulikuwa na kitu.

Jana yake sikuwapo wakati wa kupakia. Nilikuwa kwenye mazishi Kibenga. Kamio nililiacha kwa shemeji yangu, fundi, kaka wa mke wangu, alitengeneze breki za nyuma, kisha alipeleke mwenyewe depo, kwenye ghala la mizigo. Aliyesimamia upakiaji ni karani wa tajiri wetu, mtu wa makamo, mkimya, aliyehamia mjini mwaka ule kutoka milimani. Hatukujua alimwacha nani huko wala alikimbia nini. Hatukumuuliza, na kwa kuwa hatukumuuliza, kila mtu alijijibu mwenyewe, wala si kwa mema.

Wiki chache kabla, risasi zilikutwa kwenye kamio la mtu chini ya magunia ya unga. Dereva alichukuliwa. Mke wake alikuwa bado anazunguka kambi moja hadi nyingine akimuulizia.

Karani alikuwa mlangoni mwa depo akiangalia saa.

"Umepakia nini?" nikamuuliza.

"Magodoro na ndoo, shofere. Kama siku zote."

"Na chini?"

"Chini wapi? Twende, saa tatu msafara unaondoka. Utachelewa."

Haraka yake ndiyo iliyoniudhi. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Leo najua kwamba mtu anaweza kutoka jasho kwa kuulizwa tu namna nilivyomuuliza. Siku ile nililihesabu kama ushahidi.

"Mi siendi," nikasema kwa sauti. "Mushushe vyote. Sitakufa kwa ajili ya silaha za mutu."

Neno silaha lilitosha. Mtaa wetu ni wa magereji. Watu walitoka chini ya magari na spana mikononi. Mmoja alimshika karani mkono, mwingine akamshika shati. Askari wawili wa bariyeri, kile kizuizi cha mwisho wa mtaa, wakafika wakikimbia, bunduki mbele.

"Apana, shefu, apana," karani alisema. "Ni magodoro. Wallahi ni magodoro."

Hakuwa Mwislamu. Alikuwa ameazima kiapo chetu ili tumwamini. Walimpigisha magoti kwenye vumbi la oili, mikono kichwani, na tukaanza kushusha.

Godoro la kwanza, la kumi, la ishirini. Askari mmoja alianza kuyachana kwa kisu. Sponji ya njano ilimwagika barabarani. Tulifika ndoo, tukafika mbao za sakafu, tukazigonga. Hakuna kitu. Kila godoro liliposhuka nilisubiri kamio liinuke, nalo halikuinuka.

Hapo ndipo nikalala chini na kuingia mvunguni. Nilipaswa kufanya hivyo kwanza. Siku nyingine yoyote ningefanya hivyo kwanza. Resori zangu za nyuma, zile bapa za chuma zinazobeba uzito, hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na nyingine kuukuu, zenye kutu, na kila upande zilipungukiwa bapa mbili.

Nilitoka. Shemeji yangu alikuwa katika kundi, akitazama miguu yake.

"Alikuja mutu na bastola, akaiweka kwa meza," aliniambia baadaye, tukiwa wawili. "Alitaka resori, na madukani azikuwepo. Nilikuwa na zako tu. Nilitaka kukwambia."

"Kwa nini haukusema wakati alikuwa kwa magoti?"

Aliokota spana yake, akarudi chini ya gari. Mpaka leo sijui kama bastola ile ilikuwapo. Mke wangu anaamini ilikuwapo, na mimi nimeacha kubishana.

Msafara ule ulikwenda bila mimi, ukafika salama. Askari walinitukana, wakamwachilia karani. Aliinuka, akakung'uta magoti, akaanza kuokota sponji, kipande kwa kipande, akirudisha ndani ya vitambaa vilivyochanwa. Nilitaka kumsaidia, lakini mikono yangu haikwenda.

Jumapili nilimfuata mtaa wa Mutanga Nord, kwenye chumba alichopanga. Alinipokea mlangoni. Hakuniambia niingie. Nilisema nilichokuja kusema, kwamba nilikosea na nilikuwa na hofu.

"Ungeniita pembeni," alisema taratibu. "Ungeniuliza pembeni, tungepanda juu sisi wawili, tukaangalia."

"Ni kweli."

"Kwa nini haukuniita?"

Nilikuwa na jibu, lile nililojijibu kabla sijamuuliza, naye alilijua, na hakuna kati yetu aliyetaka lisikike. Mwanawe aliniletea maji, nikayanywa nimesimama.

Aliendelea kufanya kazi depo karibu mwaka mzima baada ya hapo. Kila asubuhi alinionyesha orodha ya mzigo kabla sijamwomba, akarudi nyuma hatua mbili na kusubiri nimalize kukagua. Hakuniita tena shofere. Aliniita shefu, kama alivyowaita askari.