Kruasan za Mlangoni kwa Mkwe

Mara ya kwanza kula kruasan, ule mkate wa Kifaransa wa tabaka tabaka, ilikuwa kwenye mkutano wa kazi, hotelini huko Posta. Mimi natoa mizigo bandarini, na mikutano yetu imezoea maji ya chupa na sambusa. Siku ile nilikula nne. Niliporudi nyumbani Kariakoo nikamwambia mke wangu kwamba kile kitu ni unga na siagi tu, naweza kukitengeneza mwenyewe.

"Wewe hata uji unakushinda," akasema.

Jumamosi alipoenda kazini, nikashuka dukani kununua siagi. Muuzaji akanipa majarini. Nikamwambia nataka siagi halisi ya maziwa, vipande viwili.

"Bosi, una harusi?"

Donge nililikanda vizuri, nikalilaza kwenye friji. Kazi ilikuwa kulikunja na siagi ndani, kusukuma, kukunja tena. Mpishi wa kwenye video alikuwa amevaa sweta, na mimi sikulitilia maanani. Jikoni kwetu, ghorofa ya juu kabisa chini ya bati, siagi ilianza kutiririka kabla sijakunja mara ya pili. Ikaingia kwenye suruali. Nikaivua, nikajifunga kanga ya mke wangu, nikahamia chumbani, kwenye kiyoyozi. Nikasogeza manukato yake, nikaweka kibao cha chapati juu ya meza yake ya vipodozi.

"Hodi!"

Alikuwa mama mkwe, kutoka Magomeni. Katika miaka sita ya ndoa, tulikuwa hatujavuka salamu. Nikatoka chumbani na kanga kiunoni, unga hadi viwikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaangalia feni ya darini. "Mwenzio yuko wapi?"

"Kazini."

"Na humo chumbani kuna nani?"

"Kuna donge, mama."

Nikaleta kibao nimwonyeshe. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye korido.

"Unaliponda! Hili la kubembeleza. Lete hapa."

Nikamweleza kwamba likitoka kwenye baridi linaharibika. Naye chumbani kwetu asingeingia hata kwa dawa. Basi tukafungua mlango, tukaweka kibao kizingitini, nusu ndani nusu nje. Yeye akasukuma akiwa kwenye korido, mimi nikakunja nikiwa chumbani.

"Sasa tunachoma?"

"Bado, mama. Linarudi kwenye friji saa nzima, halafu tunarudia."

"Saa nzima! Hao wenyewe wanakula saa ngapi?"

Tukasubiri tumekaa hivyo hivyo, mlango katikati yetu. Akanisimulia jinsi marehemu baba mkwe alivyopika ugali siku mke wangu alipozaliwa, wakauvunja kwa mchi. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilidhani unajidai. Husemi."

"Nilikuwa nakuogopa, mama."

"Mimi nilikuwa nakuogopa wewe."

Tukaenda kuangalia donge kabla ya wakati.

Tulipomaliza kukunja, tukalikata vipande, tukaviviringa, tukaviacha viumuke. Mke wangu aliporudi alinikuta nimepiga magoti na kanga yake, na mama yake amekaa sakafuni, baibui jeupe kwa unga. Akafungua mdomo.

"Usitupigie kelele," mama yake akamwambia, "zinaumuka."

Kwenye oveni siagi ilichuruzika, moshi ukajaa nyumba nzima. Tulitoa kumi na mbili. Nyingine zilikaa kama kobe, nyingine ziliungua chini. Mama mkwe akachana moja, akachungulia ndani, akatafuna taratibu huku sote wawili tukimtazama mdomo.

"Tabaka zipo," akasema.

Nilitaka kulia. Mke wangu akala mbili. Jioni mama yake akafunga sita kwenye kitambaa awapelekee majirani zake Magomeni wakaone kazi ya mkwe wake. Hakutuuliza. Alichagua zile nzuri, akatuachia makobe.