Trekta Linalonguruma Peke Yake

Ni saa sita mchana, na vivuli vimejificha chini ya nyayo za watu. Katikati ya ua limeegeshwa trekta dogo jekundu. Breki imefungwa, gia imetolewa, injini imeachwa ikiwaka taratibu, kiti ni kitupu. Ghafla injini inapandisha sauti, wala hakuna aliyegusa kitu.

Kuku wanatawanyika. Mjane mwenye trekta ananyoosha mkono kuuelekea ufunguo.

"Usiguse, mama!" anaamuru fundi. "Leo liache liseme mpaka limalize."

Fundi huyo ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, na nusu ya umri huo ameitumia kutengeneza matrekta madogo. Wakulima humwita Fundi Pua, kwa kuwa huutambua ugonjwa wa injini kwa moshi wake. Mweusi, dizeli imezidi. Wa buluu, inakula oili. Mweupe, maji yameingia pasipostahili.

"Hili halitoi moshi," anasema. "Mara ya kwanza nilipolisikia nywele zilinisimama. Ni kama mtu anayepiga kelele bila kuvuta pumzi."

Juu ya bomba hewa inatetemeka kwa joto. Majani yaliyotambaa ukutani yanajikunja, moja baada ya jingine.

Mume wa mjane alifariki miezi minne iliyopita kwa shinikizo la damu. Tangu hapo, wanasema nyumbani, trekta limekuwa likinguruma lenyewe, kana kwamba yeye bado yuko usukanini. Shemeji yake, aliyeurithi usukani, aliliacha siku moja katikati ya shamba akarudi kwa miguu.

"Kaka alipokuwa hai hakumwazima mtu trekta," anasema akiwa kando ya lango, mbali. "Sasa ndiyo aanze ukarimu?"

Mnunuzi wa vyuma chakavu ameahidi kufika mchana huu kulichukua. Mvua za kupandia zi karibu. Trekta likiondoka, ekari kumi na moja zitabaki pori.

Chanzo cha hofu hii ni herufi moja. Marehemu alizoea toleo la zamani, la nguvu farasi ishirini na nne, ambalo kanuni kali za moshi za nchi linakotengenezwa hazikuligusa. Hili lina rangi ileile, umbo lilelile na jina lilelile, isipokuwa herufi iliyoongezwa mwishoni mwa namba yake. Nguvu zake ni farasi thelathini na tatu, kwa hiyo kanuni zimelivisha chujio la masizi. Chujio likijaa, injini hujiongezea mwendo na joto, hata nyuzi mia sita, ili kuyateketeza. Haimngoji dereva.

"Hata mimi herufi hiyo ilinipita," anakiri fundi. "Nilinusa, sikupata kitu, nikamwambia mama wa watu trekta ni zima. Pua ilinidanganya."

Kila liliponguruma, mjane alilizima. Masizi yakabaki palepale, na mara iliyofuata likanguruma mapema zaidi.

"Nililizima nikimwambia, 'Pumzika, baba watoto, tutalima,'" anasema mjane. "Halikupumzika."

Fundi anasoma kumbukumbu za injini kwa kifaa alichoazima.

"Umelizima mara ngapi?"

"Tisa. Nazikumbuka zote."

"Hapa zimeandikwa kumi na moja."

Shemeji anarudi nyuma hatua mbili. "Mkono wangu haumo!"

Fundi anasoma tena, polepole, akilinganisha saa za kazi. Mbili za kwanza ni za msimu uliopita, marehemu alipokuwa akilima mwenyewe.

Mjane anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kumbe na yeye aliogopa," ananong'ona. "Akanificha."

Dakika ya thelathini na nne sauti inashuka yenyewe, taratibu, kama iliyotuliwa chini na mtu. Taa ya onyo inazimika. Nje ya lango, honi ya lori inalia.

"Shemeji," anasema mjane bila kugeuka, "mwambie hapa hatuna chuma chakavu."

Fundi anafungasha vifaa vyake. Kesho anaanza kuzungukia nyumba kumi na nne zenye matrekta ya herufi ile. Katika tatu kati ya hizo, amesikia, watu hawaingii tena katika ghala linamolazwa trekta.

"Sitawahutubia," anasema. "Nitaliwasha, nivute kiti, niketi nao mpaka linyamaze."